Kutoka London Kwenda Leicester

Ukitaka kutoka Nakuru uende Uingereza kwa wiki mbili, kazi yako ya kwanza ni kumshawishi mtu usiyemjua kwamba huna haja kubwa ya kwenda. Una kazi, una mke, una watoto, una mshahara usiokawia, na una mwajiri atakayekaa akiangalia njia mpaka urudi. Kanuni za uhamiaji za huko zinalisema jambo hili kwa adabu zaidi: mgeni aonyeshe kwamba ni mgeni wa kweli, kwamba ziara ikiisha ataondoka, na kwamba ana pesa za kujikimu bila kutafuta kibarua. Njia mojawapo ya kuyaonyesha hayo ni barua ya mwajiri inayotaja kazi unayofanya, mshahara unaolipwa na muda ambao umekuwa hapo. Mambo matatu tu. Aliyeuandika mwongozo huo hajapata kufika kwenye karakana yetu.

Mimi ni karani. Vitabu vya hesabu ni vyangu, risiti ni zangu, na simu za wakulima wanaolalamika kwamba mashine imegoma, kumbe stima imepotea kijiji kizima, ni zangu pia. Tunatengeneza mashine za kusaga unga na za kukata majani ya ng'ombe, upande wa viwandani, na wateja wetu wanatoka Molo, Njoro, Rongai, Subukia, wengine hadi Olenguruone. Mwenye karakana tunamwita Mzee. Yeye huniita Karani, na nina hakika jina langu alilisahau mwaka ule ule alioniajiri, 2012.

Dada yangu alikuwa anamaliza shahada ya pili huko Leicester, na sherehe ya kuvaa joho ilikuwa Julai 2024. Mama akatangaza kwamba haiwezekani mtoto wake aitwe jina mbele ya umati wa wageni asipatikane hata mtu mmoja wa kumpigia kelele. Yeye mwenyewe magoti yanamsumbua, na ndege haiamini. Kura ikaniangukia mimi bila kupigwa.

Nikaenda kwa Mzee.

"Unatoroka?" aliniuliza kabla sijamaliza.

"La, Mzee. Wiki mbili tu. Naenda sherehe ya dada yangu."

"Yule fundi wetu wa kuchomea alisema anaenda Qatar miaka miwili. Huu ni wa tisa."

"Yeye alienda kazi, Mzee. Mimi naenda sherehe."

"Wote huanza na sherehe." Akavua miwani, akaipangusa kwa shati. "Haya, andika. Barua zote hapa si unaandika wewe? Andika, mimi nitatia sahihi."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba katika nchi hii barua nyingi za mwajiri huandikwa na mwajiriwa. Ni kazi ya ajabu. Unakaa mezani, unajitazama kwa mbali, na unaanza kujieleza kwa nafsi ya tatu: huyu bwana ni mwaminifu, ni mchapakazi, anategemewa. Ukifika mstari wa nne unaanza kumpenda. Ukifika wa sita unashangaa kwa nini bwana mzuri namna hii analipwa kidogo hivi.

Mzee alichukua kalamu nyekundu, ile ile anayokagulia hesabu zangu, akaanza kuisoma barua yangu kwa sauti. Barua yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, kwa sababu huko hati ikiwa ya lugha nyingine lazima iambatane na tafsiri, lakini mabishano tuliyafanya kwa Kiswahili.

"Mwaminifu. Sawa, hujawahi kuniibia, au sijawahi kujua." Akaweka tiki. "Mchapakazi." Akanitazama. "Jumatatu ama siku gani?" Akaweka tiki nusu. "Wa kutegemewa." Hapo kalamu ikapita katikati ya neno. "Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ilipochezwa, asubuhi yake ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mgonjwa, Mzee."

"Ndiyo. Mlinzi alikuona ukiugua pale kwenye baa ya kona hadi saa saba usiku."

Tukafika mahali nilipoandika kwamba atarudi kazini tarehe 5 Agosti. Mzee aliweka kalamu chini kabisa. "Hii siwezi kutia sahihi. Mimi ni nabii? Nitajuaje kama utarudi? Andika: amesema atarudi." Nikamweleza kwamba afisa wa visa hataki kusikia mimi nimesema nini, anataka kusikia yeye anasema nini. Tulivutana hadi chai ya saa kumi ikaletwa. Mwishowe tukakubaliana juu ya "anatarajiwa kurudi", naye akataka kujua anatarajiwa na nani, nikasema na karakana, akasema karakana haiwezi kutarajia kitu, ni mabati.

Mstari wa mshahara ndio uliokuwa mzito zaidi.

"Punguza," akasema.

"Mzee, haya ni mambo ya kuthibitisha. Siwezi kupunguza."

"KRA watasoma."

"Lakini kodi tunalipa, Mzee. Mimi mwenyewe ndiye ninayeiwasilisha kila mwezi."

"Najua tunalipa. Sitaki wakumbushwe."

Sababu ya pili aliitoa kwa kunong'ona: mafundi wakijua karani analipwa Sh62,000 kabla ya makato, kesho asubuhi hakuna atakayeshika nyundo. Kwa hiyo tukaacha nafasi wazi kwenye mstari huo, ili nambari ijazwe wakati wa kupiga chapa, mbali na macho ya watu.

Karatasi zetu za barua zenye nembo zina historia yake. Nakuru ilitawazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, Uhuru Kenyatta akakabidhi hati, tukawa jiji la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Karatasi za Mzee zilichapishwa zamani na zinasema "mji". Yapo maboksi mazima. "Jiji litangoja karatasi ziishe," alisema. Juu ya karatasi hizo kuna nambari ya simu inayoanza na 051, ya laini ya mezani ambayo waya wake wa shaba uliondoka usiku mmoja na haujarejea. Ikabidi chini ya sahihi tuandike kwa mkono nambari ya simu ya Mzee mwenyewe, iwapo kuna atakayetaka kuhakikisha.

Printa ya karakana ilikuwa na maoni yake kuhusu wino, kwa hiyo nikaenda saiba karibu na stendi ya matatu. Nilisahau kwamba ni Juni. Kila Mkenya anajua Juni ni mwezi gani: ritani za kodi zinafungwa tarehe 30, na saiba zote zinajaa watu walioshika vitambulisho na nenosiri za KRA ambazo hawazikumbuki. Kijana wa saiba ana tabia moja, huwezi kumlaumu, ndivyo anavyofanya kazi: anapiga chapa huku akisoma kwa sauti.

"...na mshahara wake kwa mwezi ni shilingi elfu sitini na mbili."

Foleni nzima ikageuka. Mama mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yangu akasogea kando kidogo, kwa heshima. Bwana mwingine akaniuliza kama kazini kwetu kuna nafasi. Kijana akaendelea kusoma, na hapo ndipo nilipousikia vizuri mstari ambao Mzee alikuwa ameuongeza kwa mkono wake, akiona anaiboresha barua.

Lazima niwaeleze wasioijua Nakuru. Tunayo London. Ni wadi kamili katika eneobunge la Nakuru Mjini Magharibi, ina mwakilishi wake katika bunge la kaunti, ina shule, ina makanisa, na ina jalala la Gioto ambalo upepo ukigeuka hukukumbusha liliko hata ukiwa umefunga madirisha. Mimi naishi London. Watoto wangu wamezaliwa London. Tumezoea hata hatucheki tena.

Na Mzee alikuwa ameandika hivi: "Ameishi London tangu 2012, familia yake yote iko London, na baada ya kumtembelea dada yake Leicester anatarajiwa kurudi London."

Soma hiyo ukiwa umekaa kwenye ofisi ya visa. Huyu ni mtu ambaye amejificha Uingereza miaka kumi na miwili, sasa amechoka, ameamua kukiri, na anachoomba hasa ni nauli ya treni.

Nilirudi mbio. Mzee akausoma mstari wake, akausoma tena, asione kosa.

"Kwani ni uongo?"

"Si uongo, Mzee."

"Unaishi wapi?"

"London."

"Utarudi wapi?"

"London."

"Basi tatizo ni lao."

Tuliandika "mtaa wa London, jijini Nakuru, Kenya", na jiji likaingia kwenye barua hata kabla ya karatasi kuisha. Kwenye fomu ya mtandaoni sikuwa na la kufanya. Anwani ya nyumbani: London. Mstari wa chini yake: Nakuru. Umewahi kufika Uingereza? Hapana. Nilibonyeza kitufe nikamwachia Mungu.

Nilipofika nyumbani jioni ile, mshahara wangu ulikuwa umenitangulia. Yule mama wa foleni, kumbe anasali na mke wangu.

Mwanaume wa Kenya anaweza kumwambia mke wake karibu kila kitu. Mke wangu alijua kinachoingia benki, elfu thelathini na kidogo, na kwa miaka mingi tumeishi kwa amani juu ya msingi huo. Sasa alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akitamka nambari ile polepole, silabi kwa silabi. Sikubishana. Niliinama chini ya kitanda nikatoa pesilipu kwenye sanduku, nikazitandaza mezani, tukakaa.

Kodi ya mapato, kama elfu kumi. Alitikisa kichwa, hilo alilielewa. NSSF, Sh2,160. Sawa, uzee unakuja. NHIF, Sh1,300, maana huo ulikuwa mwaka wa mwisho kabla SHA haijachukua nafasi yake mwezi wa kumi. Sawa, magonjwa yapo. Kisha kidole chake kikasimama kwenye Sh930.

"Hii ni nini?"

"Ya nyumba."

"Nyumba gani?"

"Nyumba za bei nafuu. Serikali inajenga."

"Tutapewa?"

"Sidhani."

"Ziko wapi?"

"Mahali mahali."

"Kwa hiyo kila mwezi unalipia nyumba ya mtu usiyemjua, na hii yetu bomba linavuja tangu Pasaka."

Chini ya hapo kulikuwa na Sacco, mkopo na hisa, na hapo alipakagua kwa muda mrefu kuliko wakaguzi wote niliowahi kuwaona karakana. Nilijaribu kumweleza kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato yote kwa jumla kuzidi theluthi mbili ya mshahara, kwamba theluthi moja mwajiriwa lazima afike nayo nyumbani. Akasema hajui hiyo sheria iliishia wapi njiani, maana hapa haijawahi kufika. Lakini nitasema ukweli: baada ya usiku ule bomba lilitengenezwa, na sasa pesilipu husomwa nyumbani kila mwezi, kwa sauti, kabla ya chakula.

Kuna jambo moja ambalo barua haiwezi kulisema na taarifa ya benki hulisema yenyewe. Barua yetu ilisema kwamba mshahara hulipwa kila mwisho wa mwezi. Huku kwetu Bonde la Ufa mshahara hufuata mahindi. Mkulima akivuna, akipeleka gunia zake kwenye maghala ya Halmashauri ya Nafaka, akalipwa, naye hulipa deni la mashine, na Mzee hutulipa sisi. Halmashauri ikichelewa, mkulima anachelewa, Mzee anachelewa, na mimi nakopa unga. Taarifa yangu ya benki ya miezi sita ilionyesha mshahara ukiingia tarehe 5, kisha tarehe 19, kisha mwezi mmoja haukuingia kabisa, kisha mwingine ukaingia mara mbili ndani ya wiki moja. Mtu wa ofisini, asiyejua msimu wa mahindi wa Njoro, angedhani hiyo ni mishahara ya kazi nne tofauti.

Juu ya hayo, mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha mtaa. Kila mwezi laki na kitu huingia kwangu Jumamosi na kutoka Jumatatu. Ukiitazama taarifa hiyo bila maelezo, utadhani ni yule mwombaji wa visa anayekopa kwa marafiki ili kuivimbisha akaunti siku mbili, ujanja ambao maafisa wa visa wanaujua kuliko wanaoufanya. Nikaandika barua ya kueleza chama ni nini. Jaribu siku moja kumweleza Mwingereza kwamba pesa hizi ni zangu lakini si zangu, kwamba mwezi huu ni za mama fulani na mwezi ujao ni za bwana fulani, na kwamba hakuna mkataba wowote isipokuwa daftari na aibu.

Nikijipa pole, humkumbuka shemeji yangu, anayekaa Ponda Mali na kuuza mitumba. Ananizidi pesa, tena kwa mbali. Lakini yeye hana mwajiri, na takwimu za serikali za kila mwaka zinaonyesha hayuko peke yake: zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kumi nchini wako kwenye sekta isiyo rasmi, jua kali, vibanda, bodaboda. Aliposikia kuhusu barua yangu alitaka kujaribu naye, tusafiri pamoja. "Nani ataniandikia?" akauliza. "Mdosi ni mimi." Akajiandikia. Alijisifu aya nzima, akathibitisha kwamba anajilipa vizuri, na akamaliza kwa kujipa ruhusa ya wiki mbili na kujitakia safari njema. Nilipomwambia anahitaji cheti cha biashara, vibali vya kaunti na taarifa za M-Pesa za miezi kadhaa, zikiwemo zile siku zote alizotumia Fuliza, akaikunja barua akasema Leicester iko baridi hata hivyo.

Siku ya sahihi ikafika. Mzee aliiweka barua mbele yake, akashika kalamu, asiandike. Akaniangalia kwa uso ambao sijawahi kuuona kwake, wa furaha iliyofichwa vibaya.

"Unajua baba yangu alikuwa na barua kama hii?"

Sikujua.

"Aliivaa shingoni."

Alikuwa anazungumzia kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanaume Mwafrika aliyefikisha miaka kumi na sita alitakiwa kutembea nacho, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Humo mlikuwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuachiliwa. Mzungu asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Akiondoka ametoroka, na kutoroka kulikuwa kosa la kushtakiwa. Harry Thuku na wenzake walikipigia kelele, miongoni mwa mambo mengine, hadi Thuku akakamatwa Machi 1922. Baba yake Mzee alikuwa kwenye shamba la mlowezi upande wa Njoro, na alitaka kwenda kumzika mama yake. Bwana akasema atatia sahihi baada ya kukama. Kisha baada ya kuvuna. Kisha akaenda likizo Uingereza.

"Na Delamere, yule kiongozi wa walowezi, alipokuja Njoro," akasema Mzee, "nani alimwandikia barua?"

Sikuwa na jibu. Hata leo Mwingereza akija kuona flamingo wetu, tangu Januari 2024 anajaza fomu ya eTA akiwa kitandani, analipa dola 30, na hakuna anayemuuliza jina la mdosi wake wala mshahara unaingia tarehe ngapi.

"Sasa leo," Mzee akasema, "mwenye kalamu ni mimi. Simama vizuri."

Nikasimama vizuri.

"Utarudi?"

"Nitarudi, Mzee."

"Mashine ya yule wa Rongai umeandika risiti?"

"Nimeandika, Mzee."

Akatia sahihi, kubwa, na muhuri juu yake, na muhuri mwingine pembeni kwa sababu wa kwanza haukutoka vizuri, na wa tatu kwa raha yake tu.

Safari ya Nairobi kuwekewa alama za vidole haina mengi, isipokuwa kwamba dereva wa matatu alisimama Kikopey na abiria wote wakashuka kununua nyama, na mimi nikafika kwenye kiti cha wageni waheshimiwa nikinuka mbuzi wa kuchoma. Ada ya visa ilikuwa pauni 115, karibu elfu ishirini zetu, na ukinyimwa hairudi. Nilikaa nikingoja. Nilijifariji kwa Ferdinand Omanyala, mtu wa sekunde 9.77, ambaye Julai 2022 visa yake ya Marekani ilichelewa hadi akafika Eugene saa chache tu kabla ya mbio zake za kwanza za ubingwa wa dunia. Ikiwa mtu mwenye kasi kuliko wote Afrika anaweza kucheleweshwa, mimi karani ni nani?

Ilikuwa Juni ile ya maandamano. Vijana walikuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Jumanne na Alhamisi tulifunga milango mapema, na Mzee alikuwa amekuwa mwangalifu kwa kila kitu, hasa simu. Ana sababu. Kwanza kuna matapeli ambao Wakenya wote tunaamini wanapiga wakiwa gereza la Kamiti. Pili kuna programu za mikopo ya simu, zilizokuwa na desturi ya kumpigia kila mtu kwenye kitabu chako cha simu ukichelewa kulipa. Benki Kuu ilitoa kanuni za kukataza tabia hiyo mwaka 2022, lakini Mzee alikwisha kupigiwa kuhusu deni la mtunza stoo hadi akajua riba yake kwa moyo.

Siku moja, wakati wa chai ya saa nne, Mzee akaja mezani kwangu na mandazi mawili. Mzee hanipi mandazi.

"Leo nimekuokoa."

"Kwa nani, Mzee?"

"Wale watu wa mikopo. Mwanamke, Kiingereza kingi, sauti ya upole, hao ndio wabaya. Anauliza kama unafanya kazi hapa na kama unalipwa pesa ngapi. Nikamwambia huyo mtu simjui."

Chai yangu ilibaki hewani.

"Akasema ana barua yenye sahihi yangu. Nikamwambia basi hiyo barua imeghushiwa, na akipiga tena nitamripoti polisi." Akauma andazi. "Usijali. Lakini kama una deni, lipa."

Kanuni za huko zinasema kwamba anayetumia hati za kughushi kuomba visa anaweza kufungiwa mlango kwa miaka kumi. Nilimweleza Mzee jambo hilo taratibu. Nilimwona akielewa kidogo kidogo, kuanzia nyusi kwenda chini. Kisha akachukua simu akapiga ile nambari, isipokewe. Akapiga tena. Akatukana kampuni ya simu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akachukua karatasi akaandika barua mwenyewe, kwa mkono wake, kurasa mbili. Hakunionyesha rasimu. Niliiona nilipoipiga picha kuituma: alieleza kuhusu matapeli, kuhusu mtunza stoo, kuhusu baba yake na kikebe, na akamaliza kwa kuandika kwamba karani wake ni mwaminifu, mchapakazi na wa kutegemewa. Neno lile lile alilolikata kwa wekundu. Mihuri ilikuwa mitano.

Kuanzia siku hiyo simu ya Mzee haikutoka mkononi. Aliapa hataiacha nambari yoyote ipite.

Jumatano iliyofuata tulikuwa Subukia kumzika mteja wetu wa zamani, mzee aliyenunua mashine yetu ya kwanza kabisa. Tulikwenda wote kwa pikapu. Jeneza lilikuwa mbele, mjane amekaa na wanawe, na Mzee alikuwa amepewa kipaza sauti kutoa maneno machache kwa niaba ya marafiki wa kibiashara. Ndipo simu ikalia. Aliitazama, akanitafuta kwa macho kwenye umati, na akaipokea. Kipaza sauti bado kilikuwa mkononi.

"Ndiyo!" akapaza. "Ndiyo, namjua! Namjua vizuri sana!"

"Amina," wakaitikia akina mama wa kanisa.

"Tangu 2012! Ni mtu mwaminifu! Mchapakazi!"

"Amina!"

"Hapana, mama, hajaacha kazi! Kazi yake iko, meza yake iko pale pale!"

Hapo Amina ikapungua. Mchungaji akamtazama mwenyekiti wa kamati ya mazishi.

"Atarudi!" Mzee akanguruma, amefumba macho, kidole juu. "Mimi nakuhakikishia! Tarehe 5 Agosti atarudi! Nitamwona kwa macho yangu!"

Mama mmoja wa mstari wa mbele akaanza kulia upya. Watoto wawili wakahama kutoka karibu na jeneza. Mtu ambaye mwezi mzima alikataa kuwa nabii alikuwa amesimama Subukia, mbele ya watu mia kadhaa, akitoa tarehe ya ufufuo.

Visa ilitoka. Sijui ni barua gani iliyonisaidia, ya kwanza iliyosema ukweli kwa tahadhari au ya pili iliyosema kila kitu, ama ni sauti za akina mama wa kanisa zikisikika nyuma ya simu. Nilimpigia dada yangu kelele Leicester hadi mtu wa usalama akaja kusimama karibu nasi. Nilipotua, afisa wa mpaka aliniuliza Kenya ninaishi wapi, nikamjibu, akaniangalia kwa muda, akaniuliza tena.

Tarehe 5 Agosti saa mbili kasorobo nilikuwa mezani. Mzee alikuwa amefika kabla yangu, amekaa kwenye kiti chake ameelekea mlango. Hakusema kitu. Alichukua ile kalamu nyekundu, akafungua kitabu cha mahudhurio, akaweka tiki.

Lakini simu hajaiacha. Mpaka leo, nambari ngeni ikiingia, hangoji salamu. Mwezi uliopita nilimsikia akipokea moja karibu na lango, mafundi wote wanasikia, nyundo zimesimama: "Ndiyo, anafanya kazi hapa, tangu 2012, mshahara wake ni elfu sitini na mbili kabla ya makato, na alirudi!" Akatega sikio. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mkulima, ilisikika hadi mezani kwangu.

"Nimesikia, Mzee, na nashukuru. Mimi niko Olenguruone. Hiyo mashine ya kukata majani ni pesa ngapi?"